Mafuta ya Kijani

Zilitoka kiwandani mwaka mmoja, sitini na nane,
zikanunuliwa na ndugu wa tumbo moja,
na zote mbili nimezilalia chini kwa mgongo,
kwanza nikiwa mwanagenzi, sasa nikiwa mzee,
katika gereji hii nje kidogo ya Saint-Flour
ambako theluji hutufungia njia miezi minne.

Sitroeni ya Léonce, karani wa mwanasheria:
nyeusi, ikiegeshwa hulala tumbo chini
kama chura aliyeshiba.
Uiwashe, usiwe na haraka.
Kwanza hujinyanyua nyuma, kama ng'ombe,
kisha mbele,
ndipo iko tayari kusikiliza unakokwenda.
Usukani wake una mkono mmoja.
Breki ni kitufe, mfano wa uyoga;
mgeni akikikanyaga kwa nguvu alizozoea
hubusu kioo.

Pijo ya Marcelin, mtengeneza jibini:
rangi ya maziwa yaliyoanza kuganda,
mapezi mawili nyuma, gia kwenye usukani,
na tundu pale mbele la kutia hendeli
asubuhi betri ikigoma.
Haikuwahi kunidanganya.
Ikiumwa, huumwa mahali pamoja; ukiigonga, hujibu.
Ilibeba jibini kubwa kama mawe ya kusagia,
siku moja ndama,
siku nyingine mkunga, naye akilalamikia harufu ya ndama.

Mkinibana niseme ipi bora, nitasema Pijo.
Kisha nitakumbuka ile barabara mbovu ya Murat,
nimekaa kando ya Léonce, kikombe cha kahawa mkononi,
hakikumwagika hata tone,
nami nitanyamaza.

Hawakusemezana miaka thelathini na mmoja.
Shamba la mama, ukuta wa mawe, mita tatu.
Ndugu wakigombana, wahenga walisema, shika jembe ukalime.
Mimi nilishika spana.
Jumatatu Léonce: "Lile trekta la ndugu yangu bado linatembea?"
Ijumaa Marcelin: "Lile kanisa la ndugu yangu bado linavuja?"
Niliwajibu: linatembea, linavuja,
leta pesa.

Februari moja bomba likapasuka.
Mafuta ya kijani yakachora mstari juu ya theluji
kilomita nzima,
na Sitroeni ikaketi katikati ya barabara
kama mtu aliyeletewa habari.
Wa kwanza kupita alikuwa Marcelin.
Hakushusha kioo. Alirudi kinyumenyume, akashuka, akafunga kamba.
Kilomita kumi na moja.
Nilizisikia kabla sijaziona,
moja inanguruma, moja inakwaruza.
Walipofika aliifungua kamba, akaikunja taratibu,
akaniambia mimi, ndugu yake akiwa hatua mbili tu:
"Mwambie kamba si zawadi."
"Mwambie mwenyewe."
Hakumwambia.

Léonce alifariki majira ya vuli yaliyopita. Hakuacha mtoto.
Karatasi zilisema gari liende kwa ndugu yake.
Mita tatu hazikutajwa.

Mnunuzi wa Clermont amekuja mara mbili na bei nzuri,
mara mbili Marcelin amemwonyesha mlango.
Ana miaka themanini na miwili. Huja kila Jumamosi
na Pijo yake, huiacha nje, injini ikiwa ingali moto.
Sitroeni hataki kuiendesha.
Huingia, huzungusha ufunguo,
hutoka mbio, mbio za umri wake,
aje asimame kando, mikono mfukoni,
aione ikijinyanyua, nyuma kwanza.

"Inachukua muda," husema.
"Ndivyo ilivyo," humjibu.

Kisha huizima, na kushuka kwake ni kwa saa nyingi,
unene wa kidole,
unene wa kidole.
Mimi hufunga gereji saa kumi na mbili.
Humwachia ufunguo.